Mboga Bila Ugali

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Nikodemu amekaa chooni tena mpaka chai yake imepoa. Ametoka na jasho, uso umekunjamana. Bado, anasema. Basi.

Tangu daktari wa kliniki ya kisukari amwambie apunguze wanga, nimefuta vyote: ugali, wali, muhogo, ndizi, viazi, chapati. Nimefuta kama nilivyokuwa nikifuta ubao darasani, kona hadi kona. Mume wangu anakula mayai, nyama, samaki wa ziwani, yaani migebuka ya kuchoma, mtindi. Sukari imeshuka. Tumbo limefunga.

Jioni Sia amepiga simu kutoka Moshi. Baba anapata nyuzinyuzi za kutosha? Mchicha haujaingia jikoni kwangu tangu tuache ugali. Wala sikuuzuia – umeondoka wenyewe. Sisi mboga tunaila ili kuteremsha tonge. Tonge likiondoka, nani atakumbuka kwenda kuchambua majani? Na mimi nimefundisha sayansi mpaka nikastaafu.

Jumatano, 6 Novemba

Soko la Mwanga, asubuhi. Mvua imeleta mboga: mchicha, majani ya maboga, bamia, nyanya chungu. Nimepata hata mnavu, ambao kwetu Machame tunauita mnafu. Nimeunusa pale pale sokoni, muuzaji akacheka. Mama wa Kilimanjaro, akaniita. Nilishuka treni hapa mwisho wa reli nikiwa msichana, kwa kazi niliyodhani ni ya miaka miwili. Sasa nina wajukuu, na bado ni mama wa Kilimanjaro.

Nimempikia Nikodemu bakuli zima. Amelitazama, akatazama pembeni ya bakuli, akatazama mlango wa jikoni. Ugali uko wapi? Hakuna ugali.

"Mama Sia, mboga bila ugali ni mshenga bila bwana harusi. Mimi si mbuzi."

Akala samaki wake, bakuli akaliacha. Mimi nimerudi jikoni kula ndizi zangu nyuma ya mlango, kama mwizi. Sili wanga mbele yake. Nadhani huo nao ni upendo.

Jumapili, 10 Novemba

Nikodemu anapiga mluzi! Ameingia chooni, ametoka, ananawa uso na kupiga mluzi. Nikasema moyoni: bamia zangu. Nikafungua friji. Bamia zangu zimo, hazijaguswa.

Baada ya ibada jirani yetu Leonida amemsifu. Mzee siku hizi anajitahidi mazoezi, kila asubuhi namwona anakata kona kuelekea Buzebazeba. Kisha akanitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Buzebazeba anakaa Eufrasia. Wamekua pamoja kijijini Simbo, yeye na Nikodemu. Ni mjane, mstaafu kama sisi, alikuwa katibu muhtasi serikalini. Mgongo wake umenyooka mpaka leo. Inasemekana wangeoana kama nisingeshuka kwenye treni ile. Hakuna aliyepata kuniambia usoni. Husemwa kwa Kiha, na Kiha changu ni cha kununulia samaki. Lakini jina langu nalitambua katika lugha yoyote.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimemuuliza. Sikupandisha sauti.

Unakula wapi asubuhi? Kwa Eufrasia, nikitoka kutembea. Hata hakupepesa macho. Unakula nini? Sombe. Na ugali? Hapana, sombe peke yake.

Nilikuwa naomba awe amekula ugali. Ugali ni njaa, na mtu husamehewa njaa. Lakini jana kliniki sukari yake ilikuwa nzuri, kwa hiyo hadanganyi. Sombe ni kisamvu tu: kimetwangwa, kimechemshwa na mawese mpaka kimelainika, naye anakila hivyo hivyo bila tonge, mezani kwa mwanamke mwingine. Mboga tupu, ile ile aliyonikatalia mimi.

"Kwa hiyo Buzebazeba wewe ni mbuzi?" nikamwambia.

Akacheka. Akataka kunishika bega. Nikageukia sufuria nikaanza kuisugua, ingawa ilikuwa safi.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimekwenda. Nimetangulia kabla yake, nimevaa kitenge changu cha Pasaka. Eufrasia hakushtuka.

"Karibu, wifi."

Wifi. Ananifanya mke wa kaka yake, na mimi nitabisha nini? Anajua kuchagua maneno.

Nikaomba kumsaidia jikoni, yaani kupeleleza. Nilitafuta siri: karanga, maziwa, kiungo fulani. Hakuna. Kitunguu, chumvi, mawese. Nikaonja. Mimi napika vizuri kuliko yeye. Nasema hivi kwa haki kabisa. Kwa wivu pia, lakini kwa haki.

Nikodemu akafika. Aliponiona alisimama mlangoni, akavua kofia, kisha akaingia kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Eufrasia akaweka mezani bakuli moja kubwa na vijiko viwili. Akaenda akarudi na cha tatu. Yeye hana kisukari. Hotpoti ya ugali ilikuwa pale kabatini, imewekewa wajukuu, naisikia harufu yake. Hakuigusa. Walikula sombe kutoka bakuli lile lile huku wakibishana juu ya nani aliyeiba miwa ya katekista mwaka ambao mimi sikuwapo. Nikodemu alikuwa anakula bila kutazama anachokula. Alikuwa anatazama mabishano.

"Mbona wewe huli ugali wako?" nikamuuliza Eufrasia.

"Nitakula baadaye, wifi. Mtu mzima hawekewi bakuli akaachwa nalo kama mgonjwa wa wodini."

Hakulisema kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma. Nikodemu aliinamisha kichwa, akakwangua chini ya bakuli. Ama alikuwa ameshanisema kwa Eufrasia, ama Eufrasia ameng'amua mwenyewe – sijui lipi ni baya zaidi.

Kijiko changu sikukigusa. Nimerudi peke yangu kwa miguu, nikifikiria ndizi zangu nyuma ya mlango, na yeye sebuleni na bakuli lake.

Jumanne, 19 Novemba

Nimepika tangu mchana. Majani ya maboga kwa karanga. Bamia. Mnavu, mwingi. Parachichi nimelikata. Bakuli moja katikati, vijiko viwili. Ndizi sijala tangu Jumamosi. Nina njaa na nina hasira, na tumbo langu – naweza kuliandika, hakuna anayesoma – limekuwa jepesi kama la msichana.

Asubuhi nilimwambia: leo usile kokote, jioni tule pamoja.

"Pamoja? Wewe na mimi? Majani matupu?"

Pamoja. Akanitazama kwa muda, mpaka nikaona haya, katika umri huu. Akasema atakuja na njaa. Saa kumi akatoka kunyoosha miguu, na nilipomwambia asichelewe akaniambia nisiwe na wasiwasi, mke wangu, hiyo kitu siikosi.

Jua limeshaingia nyuma ya milima ya Kongo, ziwa limekuwa jeusi. Mboga zimepoa, nimezipasha. Nimeketi hapa mezani na kuandika ili nisichungulie dirishani.

Yuko langoni. Namsikia, anaongea Kiha, kwa furaha kabisa. Na anajibiwa. Sauti ya mwanamke, inakataa kwa adabu. Anasisitiza. Kiha changu ni cha sokoni, lakini hiki nakielewa, kila neno: ingia, ingia uonje, mke wangu amepika, leo anakula na mimi.

Ana fahari, Mungu wangu. Amemleta Eufrasia aje aone.

Vijiko ni viwili. Kabati la vijiko liko nyuma yangu, nikinyoosha mkono nalifikia. Wanavua viatu barazani. Bado naandika.