Mizani ya Maharage Imenipunguza Kilo Kumi na Mbili

Mpendwa Mshauri, shikamoo, naomba msaada wako kwa sababu mizani ya zahanati yetu imeharibika na hakuna anayetaka kukubali, na mimi ndiye ninayeumia.

Naitwa Tecla, watu wananiita Mama Happy, ni mkulima wa Nyamiaga hapa Ngara, nina miaka arobaini na minane, na mwishoni mwa Agosti mimi na mume wangu Projestus tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa na padri amekubali kutubariki kwenye misa. Sasa mwezi wa tano ukiishia nilikwenda zahanati kwa sababu ya kichwa, nesi Deodata akanipima akakuta presha iko juu na uzito kilo tisini na sita, akanipa vidonge akasema nivinywe kila siku bila kuacha, halafu akaniambia, "Mama, punguza polepole, kilo mbili kwa mwezi zinatosha, mwakani wakati kama huu utakuwa mtu mwingine." Mshauri, kilo mbili! Kilo mbili ni kuku. Mtu mzima nihangaike mwezi mzima nipunguze kuku?

Jumapili iliyofuata, ya kwanza ya mwezi wa sita, tulikuwa kwenye jumuiya tunapanga sherehe, nikasimama nikatangaza kwamba siku ya jubilei nitavaa gauni lilelile nililofungia ndoa, lipo kwenye sanduku na dawa ya nondo, na wanajumuiya wakapiga makofi isipokuwa wifi yangu Esperansia, yeye alicheka akasema, "Wifi, hilo gauni utalivaa au utalibeba mkononi?" Hapo ndipo nilipoapa. Nikaacha kula asubuhi na mchana, nikawa nakunywa maji ya moto yenye limau na magome anayouza mama mmoja sokoni, nikaacha soda, nikaacha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, nikaacha bodaboda nikawa natembea kwa miguu kwenda na kurudi Ngara mjini, ninakula jioni tu, na hiyo jioni siulizwi.

Kwa kuwa sikutaka kwenda zahanati kila wiki kuangaliwa na watu, na kwa kuwa Danstan mnunuzi wa maharage alikuwa ameshafungua kibanda chake karibu na kwetu na mizani yake ya kuning'iniza, nilimwomba anipime, nikakaa kwenye kamba za gunia, nikajifunga khanga mbili kwa heshima, vijana wakanivuta juu nikaning'inia kama mtoto wa kliniki. Themanini na nne! Siku tisa tu, kilo kumi na mbili! Danstan mwenyewe akasema, "Mama Happy, upepo ukivuma ushike mti." Tangu siku hiyo ninapimwa kwake kila Jumamosi, na Jumamosi iliyopita nimefika themanini na mbili. Magauni yangu mapana matatu nimempa Esperansia ayavae yeye aone uchungu. Vidonge vya presha nimeviacha, maana presha inaletwa na unene na unene umeondoka. Mama yangu alikuwa mnene kuliko mimi, ndiye aliyeanguka jikoni kwa kiharusi akalala kitandani miaka mitatu mimi nikimlisha kwa kijiko, na sitaki binti yangu Happy anilishe mimi, ndiyo maana nikaharakisha.

Shida ni mbili. Kwanza, gauni bado zipu haipandi, inakwama mgongoni palepale ilipokwama siku nilipoapa, na Projestus anasema labda gauni nalo limekonda. Pili, Jumanne nilikwenda zahanati ili nesi Deodata ajionee, nikapanda mizani yake ikasoma tisini na nne. Nikamwambia mizani yako mbovu, akasema, "Mama, nimeirekebisha wiki hii," nikatoka nikilia, hata presha sikukubali anipime. Mimi namwamini Danstan kwa sababu mizani ndiyo kazi yake, hata maharage yetu kayapima yeye, na mwaka huu maharage yametoka mepesi kijiji kizima, gunia letu ambalo kila mwaka linatoa kilo mia limetoa themanini na nane, Projestus anasema ni jua lilikuwa kali.

Kwa hiyo naomba unishauri, malalamiko ya mizani ya zahanati nipeleke kwa nani, na ninywe nini nimalize kilo sita zilizobaki nifike sabini na sita zipu ipande, ndani ya wiki saba, kwa sababu kizunguzungu ninachokipata shambani naambiwa ni mafuta yanatoka. Jina langu usilifiche, aliyening'inia kwenye mizani ya maharage Nyamiaga ni mimi peke yangu.

Tecla, Mama Happy
Nyamiaga, Ngara


MZEE FIDELI ANAJIBU

Marahaba, Mama Happy. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili niliacha kucheka, mara ya tatu nilichukua kalamu na karatasi nikapiga hesabu, kwa sababu nilifundisha hesabu miaka thelathini na tabia hainitoki.

Hongera kwanza. Umevumbua dawa ambayo dunia nzima inaitafuta: kupunguza kilo kumi na mbili kwa siku tisa bila kubadilisha gauni. Wataalamu wakisikia watapanga foleni kibandani kwa Danstan, kila mmoja na khanga zake mbili. Jambo moja tu linanisumbua. Gunia lenu la maharage nalo limepungua kilo kumi na mbili. Je, maharage nayo yanakunywa limau na magome? Yanatembea kwa miguu kwenda Ngara mjini? Unaniambia ni jua. Mama, jua linakausha maharage yaliyoanikwa, lakini ni jua la namna gani hilo linalong'oa kilo kumi na mbili kwenye gunia na kilo kumi na mbili kwa mke wa mtu, tena kwenye mizani ileile?

Wewe ulipanda mizani ya mtu anayenunua. Anayenunua hufurahi mzigo ukiwa mwepesi. Deodata hanunui wanawake, kwa hiyo hana faida yoyote ukiwa tisini na sita au sitini. Kati ya hao wawili ukaamua kumwamini yule mwenye sababu ya kukupunguza, na ukamlilia yule asiye na sababu ya kukuongeza. Nyamiaga nzima mmeuza maharage mkilaumu jua, na ingekuwa si gauni lako tusingejua lolote.

Simwiti Danstan mwizi. Sijamwona, na inawezekana mizani yake imechoka tu, ingawa nimeishi miaka mingi na sijawahi kuona mizani ya mnunuzi ikichoka kwa kuongeza. Fanyeni hivi. Chukua dumu la lita ishirini, lijaze maji mpaka mdomoni. Maji ya lita ishirini yana kilo ishirini, mahali popote, masika na kiangazi, na dumu lenyewe lina kama kilo moja. Nenda nalo kibandani Jumamosi ukiwa na Projestus, mwenyekiti wa kitongoji na majirani wawili watatu, mlining'inize. Likisoma ishirini na moja, niandikie nitakuomba radhi gazetini humu. Likisoma kumi na nane na kitu, basi mwenyekiti anajua pa kumwita mkaguzi wa vipimo, na Danstan ataeleza mbele ya watu waliomuuzia. Msimpige, msimfungie njia. Dumu litasema lote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo halinichekeshi.

Umeacha vidonge vya presha kwa ushauri wa mizani ya maharage. Presha yako haikupungua kilo kumi na mbili, kwa sababu hata wewe hukupungua kilo kumi na mbili. Kile kizunguzungu unachokiita mafuta yanatoka, mimi ningekiita mwili unaobisha hodi. Mafuta yakitoka hayapiti kichwani, mama. Umemlisha mama yako kwa kijiko miaka mitatu, unajua kijiko kile kilikuwa kizito kuliko gunia lolote, halafu unafunga njaa kutwa, unaacha dawa na kuinama juani. Unamwepusha Happy na kijiko, au unamwoshea kijiko kabisa na kumwekea mezani?

Ukimaliza kusoma hapa, gazeti likunje, nenda zahanati leo. Usingoje kesho wala Jumamosi ya dumu. Mwambie Deodata kila kitu: siku ulizoacha vidonge, magome, kizunguzungu, na kamba za gunia pia, maana mgonjwa anayeficha humpa nesi kazi ya mganga wa ramli. Yeye ndiye atakayesema unaanzaje tena dawa, usijiamulie kumeza vidonge vyote ulivyovikosa kwa mkupuo mmoja. Magome hayo mrudishie mwenyewe sokoni. Na ukiona mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki, watu wa nyumbani wasingoje kuchemsha chochote, wakukimbize hospitali.

Halafu nikueleze kitu ambacho hukukiona kwa sababu ya machozi. Kwa Danstan ulianza themanini na nne, sasa themanini na mbili. Kwa Deodata ulianza tisini na sita, sasa tisini na nne. Mizani hizi mbili hazipatani hata kidogo, lakini kwenye jambo moja zinasema sawa: umepungua kilo mbili. Mbili, Mama Happy! Kuku wako! Kwa mwezi na siku chache umefanya hasa kile nesi alichokuomba, na badala ya kushangilia umetoka zahanati unalia kama mtu aliyeibiwa. Na zimetoka wapi? Si kwenye limau. Zimetoka kwenye soda uliyoacha, rubisi uliyoacha na barabara ya Ngara mjini unayoitembea kwa miguu. Hayo matatu yaendelee. Njaa ya kutwa iishe, kwa sababu najua maana ya "hiyo jioni siulizwi". Jioni hiyo sufuria la ndizi linaingia lote mahali pa milo mitatu na jirani yake. Kula asubuhi, kula mchana, maharage yawe mengi na ndizi ziwe chache kuliko ulivyozoea, mboga za majani kila siku, chumvi na mafuta kwa mkono wa bahili. Pima uzito mara moja kwa mwezi, kwa Deodata, mizani ileile, ukiwa umevaa nguo zilezile. Kufika Krismasi ukiwa na kilo themanini na nane au hata tisini, umeshinda. Mwakani mwezi wa saba ukiwa kwenye themanini na nne za kweli, nitakuja mwenyewe Nyamiaga kunywa chai isiyo na sukari.

Mwezi mmoja ukipungua nusu kilo tu, usikasirike. Ukikaa pale pale, usikasirike. Kilo hizo hukuzipata kwa wiki saba. Umezikusanya kwa miaka ishirini na mitano, kwa uzazi, kwa ubwabwa wa arusi za watu na kumalizia sahani za watoto, na sasa unataka ziondoke kwa sababu Esperansia amecheka.

Huyo Esperansia nenda ukamwombe magauni yako matatu. Atacheka, mwache acheke. Halafu jumuiya ikikutana, simama palepale uliposimama mwezi wa sita useme, "Gauni sitalivaa, nitavaa kitenge, na dawa zangu nakunywa." Dakika moja ya aibu haijawahi kumpoozesha mtu.

Na gauni lilitoe kwenye sanduku, lipeleke kanisani siku hiyo, likunjwe vizuri juu ya kiti cha mbele. Esperansia aliuliza kama utalivaa au utalibeba mkononi. Libebe. Padri atamuuliza Projestus kama bado anakutaka, na ili umsikie akijibu inabidi uwe umesimama pale kwa miguu yako miwili, kilo zote tisini na ngapi.