Aliniambia Yuko Sawa

Jumatano alasiri, Al Nahda, Dubai. Unyevu ni mwingi hata vioo vya dirisha vinatoka jasho kwa nje, na mnara wa jirani siuoni. Nimerudi nyumbani mapema. Wenzangu wa chumba wako kazini.

Kwa!

Hiyo ni redio ya mkononi ya mlinzi ikianguka kwenye lami. Niliisikia jana mchana kwenye simu. Plastiki ilipiga chini kwanza, betri ikachomoka na kubiringika. Halafu honi ya gari, mara mbili, ya mtu aliyetaka geti lifunguliwe. Honi nimeshaisahau. Ile redio ndiyo inayonirudia nikipiga mswaki, nikifunga kitasa, mtu akiweka kikombe mezani.

Mwenye redio yuko hospitali. Ofisini wametaka ripoti yangu kabla ya saa kumi jioni, inayoeleza ilikuwaje mpaka akaanguka. Maneno watakayo wamekwishanipa.

Nianze mwanzo, maana nikianzia katikati nitajitetea.

Kazi yangu ni kupanga zamu za walinzi katika kampuni inayolinda minara kadhaa ya Dubai Marina. Walinzi wanalala Muhaisnah, kwenye mabweni ya wafanyakazi, na basi la kampuni linawachukua alfajiri. Mimi ndiye ninayeamua nani akae mapokezi kwenye kiyoyozi na nani asimame lango la magari, juani. Karibu wote wananiita madam. Mmoja tu ananiita kocha.

Huyo ni Athumani (majina yote humu nimeyabadilisha). Anatoka Msambweni, mimi Kisauni, na kwa umri wake namwita Ami, kama ambavyo ningemwita ndugu wa baba. Jina la kocha lilitokana na kitu ambacho sikutarajia kukikuta kwa mtu wa Msambweni: anaipenda futiboli ya Kimarekani kuliko mimi. Aliipatia kwenye televisheni ya mapokezi, kwa mpangaji mmoja aliyekuwa akishuka kutazama marudio na kumfafanulia. Mimi niliipatia chuoni. Nilisoma takwimu, na mhadhiri wetu alitufundisha uwezekano kwa kutumia mechi hizo.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe hauna uchawi. Timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kila baada ya jaribio mchezo unasimama, na kocha aliye pembeni na karatasi yake anaamua kinachofuata. Nilichokipenda mimi ni hicho. Kila uamuzi una mwenyewe, na watu wote wanamwona usoni.

Nina daftari la maamuzi mabaya zaidi ya makocha wa ligi ile ya kulipwa. Nimeligawa safu nne: hali ilikuwaje, kocha aliamua nini, nini kikatokea, na alisema nini baadaye mbele ya waandishi.

Namba moja yangu ni kocha ambaye timu yake ilibakiza yadi moja kushinda. Alikuwa na mkimbiaji ambaye hakuna aliyeweza kumzuia, akaagiza mpira urushwe. Adui akaudaka. Namba nne ni wale wanaobania ruhusa zao za kusimamisha saa. Kila timu ina tatu kila nusu, na wapo makocha waliozitunza kwa ajili ya shida kubwa zaidi mpaka mechi ikaisha wakiwa nazo mfukoni.

Ami Athumani alikuwa akinicheka.

"Hizo zako zote za kupoteza mpira, kocha. Mpira utaupata wiki ijayo." Namba moja yake ilikuwa kocha aliyemwacha uwanjani kijana mwenye goti bovu, kila mtu anaona anachechemea, mpaka goti likakatika mbele ya uwanja mzima. Mimi nilimweka wa saba.

"Wa saba! Mtoto wa watu amevunjika, wewe unampa wa saba?"

"Kocha si daktari, Ami. Alimuuliza kijana, kijana akasema yuko sawa. Afanyeje?"

"Amtazame mguu."

Nikacheka. Nakumbuka kabisa kwamba nilicheka, na nikamwambia hajui takwimu. Akanijibu kwamba takwimu haina soksi. Sikuelewa maana yake, nikadhani ni utani wake tu.

Jumapili alinitumia ujumbe wa sauti. Ninao. Nimeusikiliza leo mara nyingi mno. "Kocha, habari za kazi. Nilikuwa naomba, kama inawezekana, wiki hii uniingize ndani. Mguu huu wa kulia unanisumbua kidogo. Kidogo tu. Lakini kama haiwezekani, basi, hamna neno."

Mara mbili kidogo, na hamna neno. Mimi ni mtu wa Pwani. Najua mtu mzima wa kwetu anaposema kidogo anamaanisha nini. Nilijua hata wakati ule.

Lakini ratiba nilikuwa nimeshaitoa. Na mimi, kwa kusoma makocha wanaopaniki na kutupa mpango wao katikati ya mechi, nilikuwa nimejiwekea sheria: ratiba ikitoka, haiguswi. Niliionea fahari sheria hiyo. Nikamjibu, "Vumilia mpaka Alhamisi, Ami, nitakupanga vizuri." Nikaweka na kikatuni cha mpira.

Jana ilikuwa Jumanne. Ile amri ya kila kiangazi ya kutofanya kazi juani mchana iliisha wiki iliyopita, lakini jua halikuambiwa. Saa saba kasoro dakika kumi msimamizi wa mnara alinipigia kwamba Athumani ameketi kwenye ukingo wa geti na wapangaji wanalalamika. Nikampigia Ami.

"Ami, uko sawa?"

"Nipo, kocha."

Pumzi fupifupi, kama mtu aliyepanda ngazi.

"Niko sawa. Niko sawa kabisa."

Lile kabisa nililisikia. Naliandika hapa kwa sababu hakuna mwingine aliyelisikia, na nisipoliandika mimi halipo. Mtu aliye sawa haongezi kabisa.

Na nilikuwa na mchezaji wa akiba. Wekesa, kijana wa Bungoma, alikuwa ndani ya basi la kampuni barabara ya nyuma, hata dakika tatu kwa miguu haifiki. Asubuhi yote alikuwa akinikumbusha, "Madam, mimi niko tu hapa kwa basi, si unitume?" Nilimweka akiba kwa sababu mnara mwingine ulikuwa na mlinzi mwenye homa, na niliogopa kubaki bila mtu mchana ukiendelea. Nikamwambia Ami, "Vumilia hadi saa tisa, nitamleta Wekesa."

"Haya, kocha."

Dakika arobaini zilipita. Sikuwa na kazi kubwa. Nilikuwa naitazama saa ya kompyuta nikijiambia saa tisa si mbali. Mara mbili nilishika simu nimwite Wekesa, mara mbili nikaiweka. Kwa nini? Mnara wenye mlinzi wa homa ulikuwa umetulia. Hakuna aliyenizuia. Nadhani niliona aibu kubadilisha neno nililokwisha kulisema.

Saa saba na nusu nikampigia tena Ami. Akapokea.

Kwa!

Ni kisukari ambacho hata yeye hakukijua. Ndani ya buti, kidole gumba kilikuwa na kidonda kilichokwisha kutunga usaha, na soksi imegandana nacho. Jua likamalizia. Leo asubuhi nilikwenda kumwona. Daktari alisema ana bahati ya kuwa hai, kidole hakiponi, na mguu wataujua baada ya siku chache.

Nilifika kitandani pake. Yeye ndiye aliyeanza, midomo imepasuka, macho yale yale ya utani.

"Eh, kocha. Huyu wa saba amepanda au bado yuko pale pale?"

Nikalia. Muuguzi akanitazama. Ami akangoja nimalize, kama anavyongoja gari lipite.

"Basi. Hukunisukuma."

"Kwa nini ulisema uko sawa?"

"Ulitaka niseme nini? Uliniuliza vile unavyoniuliza kila siku. Mtu akikuuliza habari, unasema njema. Mengine yanafuata ukipewa nafasi. Wewe ukasema saa tisa."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Nimekuwa nikilifikiria hilo tangu asubuhi. Sisi tukiulizwa hali tunajibu njema hata nyumbani kuna msiba, ndipo tunakaa, ndipo ukweli unatoka pole pole. Ninajua. Nimelelewa hivyo. Mama yangu huniambia hajambo, na mimi hukaa kwenye simu nikingoja sentensi ya tano. Lakini kazini nimejifunza kuuliza swali la kwetu na kulipokea jibu kama fomu iliyojazwa. Nauliza kwa Kiswahili, nasikia kiofisi.

Nilipotoka hapo na kufika ofisini, meneja wa operesheni, ambaye sote tunamwita sir, alinikalisha. Si mtu mkali. Aliongea taratibu. Nilikuwa nimemwambia jana ileile kwamba nilimpigia Athumani akasema yuko sawa, na sasa sentensi hiyo alikuwa ameikumbatia.

"Andika hivyo tu. Aliulizwa, akathibitisha yuko sawa. Ni kweli, siyo?"

"Ni kweli, sir."

"Khalas. Imekwisha."

Nilimuuliza Athumani atakuwaje. Akasema ikiwa mtu alificha ugonjwa, mkataba unasitishwa na atarudishwa kwao. Ikiwa kampuni ilijua na kumwacha kazini, hilo ni jeraha la kazi, na matibabu ni juu ya kampuni mpaka apone. Alikuwa akinieleza utaratibu. Halafu akaongeza, bila kunitazama, kwamba aliyejua na kumwacha naye hawezi kubaki anapanga watu.

Kwa hiyo ndivyo mambo yalivyo. Sentensi moja ya kweli inaniacha kazini na inampeleka Ami Msambweni na mguu unaonuka. Nami sikutakiwa hata kusema uongo.

Nilirudi hospitali kumweleza, na Ami mwenyewe aliniambia niandike wanavyotaka. "Wewe una miaka mingi mbele. Mimi nitakwenda nyumbani, kuna hospitali." Nikamuuliza anajisikiaje kwa kweli. Akasema njema. Safari hii nikavuta kiti, nikakaa. Ilichukua kitambo. Kisha akasema anaogopa. Ana mabinti wawili shuleni na hajui mtu wa mguu mmoja anasimama lango lipi.

Saa sita nilikuwa ofisini mbele ya ukurasa mtupu. Nilikuwa na lile daftari kwenye mkoba, nikalifungua kwa mazoea tu. Safu ya nne. Alichosema baadaye. Nimeisoma yote, kocha hadi kocha. Mmoja analaumu upepo, mwingine anasema angeamua vile vile tena, mwingine anasifu bidii ya vijana. Kwa yule wa saba nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri wa wino wa bluu: "Aliniambia yuko sawa."

Nilikuwa nimeitetea sentensi hiyo kwa miaka.

Katika daftari zima hakuna hata mmoja aliyesema aliona na hakutaka kuona. Huenda wapo, wakasema majumbani mwao. Mbele ya waandishi hayupo.

Ninaogopa. Hati yangu ya ukaazi imefungwa kwenye kazi hii. Kodi ya kitanda hiki ninacholalia nailipa kwa kazi hii. Nyumbani sijamwambia mtu, na mama akipiga leo jioni nitamwambia sijambo, na yeye atangoja.

Dirishani umande umeanza kuteremka kwa michirizi. Nimeona basi la kampuni moja likipita chini, vichwa vimeegemea vioo, na nimejiuliza ni wangapi humo waliosema njema leo.

Ripoti ilikwenda saa nane na dakika kumi, kabla sijafungua ukurasa huu. Nimeituma kwa sir na nakala kwa ofisi ya wafanyakazi, pamoja na ujumbe wa sauti wa Jumapili na jibu langu, kikatuni cha mpira na vyote. Sentensi ya sir nimeiweka, kwa kuwa ni ya kweli, halafu nikaiendeleza: "Aliulizwa akasema yuko sawa. Nilisikia kwamba hayuko sawa. Nilikuwa na mtu wa kumbadilisha karibu na pale, nikamwacha juani dakika arobaini. Ombi la kuhamishwa alikuwa amelileta siku mbili kabla, nikalikataa mimi."

Kisha nikafungua ratiba iliyokwisha kutoka, nikaigusa. Wekesa yuko mapokezi kuanzia kesho, na lango la magari nimelipa watu watatu wa kupokezana. Nikaiacha kadi yangu ya kuingilia ofisini mezani, nikashuka.