Neno la Madam Severine

Jumatatu, 4 Oktoba 2004

Mwalimu wetu, Madam Severine, amekubali kuniandikia barua ya kunipendekeza! Kamati ya parokia itamsomesha mwanafunzi mmoja tu kidato cha tano. Nilimweleza mpango wangu wote: nisome sayansi, niwe daktari wa mifugo, halafu niende kwa shangazi kule Gendabi nifufue josho la kuogeshea ng'ombe. Limekauka tangu serikali ilipoacha kuleta dawa. Wafugaji na wakulima walitumie pamoja. Madam akasema, "Kwenye ombi lako andika hivyo hivyo, usipunguze kitu."

Alhamisi, 7 Oktoba

Bahasha ilifungwa kwa gundi, Baba aipeleke kwenye kamati. Akaifungua. Kwetu barua haipiti nyumbani bila kusomwa, na msomaji ni mimi. Baba mkubwa Margwe akaitwa. Nikasimama, nikatafsiri. Mistari miwili tu! Marieta ana bidii. Mpango wake ni *utopian*.

Nikakwama. Baba mkubwa akacheka, akasema neno lililomshinda Marieta lazima liwe kubwa kuliko bidii. Baba akalitamka mara tatu, polepole.

Ijumaa, 8 Oktoba

Kamusi ya maktaba. Mpango mzuri wa ndotoni, usiotekelezeka. Chini yake, asili: Mwingereza wa zamani aliunganisha maneno ya Kigiriki ya "si" na "mahali", akakipa jina kisiwa cha kitabuni mwake. Mahali pasipokuwepo.

Lakini Gendabi ipo! Nimekaa ukingoni mwa josho lile, mzee Gidabuday akinitajia kwa majina ng'ombe wake waliokufa kwa kupe.

Kama mpango haufai, si Madam angeniambia mimi? Tulikaa benchi moja.

Nilimkuta mlangoni mwa ofisi. Shikamoo, madam. Marahaba, akauliza kama barua imefika. Nikasema imefika. Akatabasamu vilevile kama Jumatatu.

Jumapili, 10 Oktoba

Sikumwambia Baba maana ya neno. Ijumaa nilishindwa, jana nikashindwa tena. Na jana ndipo alipomfundisha Mama lile neno, kisha akaenda kumtamkia jirani yetu Hhando. Leo baada ya misa atasimama mbele ya kamati alitamke mwenyewe. Mwenyekiti anajua Kiingereza.

Amevaa koti. Amekuja na kipande cha karatasi, anataka nimwandikie neno kwa herufi kubwa.

"Na maana yake, mwanangu. Wakiniuliza nisiaibike."

Nimeandika herufi. Nikasema, Baba, ni mahali —

Akafurahi. Akaita, Mama njoo usikie, ni mahali! Sasa wamesimama wote wawili mlangoni. Nimewaambia wasubiri kidogo, namalizia kuandika.