Kushiriki na Kaka

Jumatatu, 3 Februari

Asubuhi kama kawaida. Vidonge baada ya chai ya vuguvugu. Maji ya chumvi kinywani, mafuta ya ngozi mikononi na miguuni, matone ya macho. Macho yangu hayatoi tena machozi. Daktari alieleza: seli shina nilizopewa kutoka ubohoni mwa Kaka Athumani zimeiondoa saratani ya damu, lakini zinauona mwili wangu kama mgeni na zinaushambulia.

Kisha nikafungua programu ya hospitali kwenye simu. "Unajisikiaje leo?" Nikaiambia ukweli. Ni huko tu ninakosema ukweli. Haijibu "mshukuru Mungu" kama watu wa hapa Jomvu.

Alhamisi, 6 Februari

Ngozi ya viganja imepasuka. Vidonda kinywani, hata wali haupiti. Nimeandika kwenye programu: "Natamani Kaka angekataa. Damu yake inanila." Si neno la kumwambia mtu. Ikajibu kwamba hasira ni sehemu ya safari. Sijui safari gani. Hata hivyo moyo ulipata nafuu.

Jumapili, 9 Februari

Kaka hakuja. Kila Jumapili huja kutoka Changamwe na papai bivu, akanitia matone kwa sababu mikono yangu hutetemeka. Leo papai limeletwa na bodaboda. Simu hapokei. Nimejitia matone mwenyewe. Mengi yameishia puani.

Jumatano, 12 Februari

Wifi Mwanaisha, mke wa Kaka, amekuja. Hakuvua buibui, hakukaa.

"Wifi, ukitaka kurudisha damu ya watu, sema tuje na ndoo."

Nilidhani ni mzaha. Akasema Athumani hali, halali, tangu asome kwamba damu yake inanila. Nikamuuliza amesoma wapi.

"Si wewe unayemtumia? Kila siku simu yake inalia, ni maneno yako."

Alipoondoka nilikaa chini sakafuni. Nilihisi kama nimevuliwa nguo mbele ya watu.

Alhamisi, 13 Februari

Nimepiga simu hospitali. Muuguzi alikuwa mpole. "Lakini ulikubali kushiriki, dada."

Nakumbuka. Siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani programu iliuliza: "Ungependa kushiriki na ndugu yako?" Nikabonyeza Ndiyo. Kwetu kushiriki ni kuwa pamoja katika jambo: arusi, mazishi, ugonjwa. Kaka alishiriki mpaka akatoa uboho wake. Ningejibuje Hapana? Kumbe aliyeandika swali alikuwa na maana kwamba maneno yangu yapelekwe kwa Kaka. Kiswahili cha nani hicho? Nimesalitiwa kwa lugha yangu mwenyewe.

Programu nimeifuta.

Jumamosi, 15 Februari

Hasira imehama. Sasa ni kwa Kaka. Alikuwa akisoma tangu mwanzo. Kila Jumapili aliniuliza, "U hali gani?" Nami nikajibu, "Njema, alhamdulillahi." Naye tayari anajua nimetapika, anajua naogopa kufa. Akanikatia papai. Aliniacha niseme uongo usoni pake, wiki baada ya wiki. Programu ni kitu, haina haya. Yeye ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Jumapili, 16 Februari

Hakuja. Afadhali.

Ijumaa, 21 Februari

Kaka amekuja baada ya sala. Amekonda. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, wanapokaa wageni. Akasema alidhani nilichagua mwenyewe kumwambia kwa njia ile, kwa kuwa ana kwa ana nisingeweza. Akanyamaza kwa kudhani ndivyo nitakavyo. Mpaka lile la damu. Hilo lilimshinda.

Nimemwamini. Bado nimeumia. Sijui kama mambo hayo mawili yanaweza kukaa nyumba moja.

Chai ikapoa. Kisha akauliza, taratibu, "U hali gani?"

"Mbaya," nikasema. "Na nimekukasirikia."

"Haya, dadangu. Inua kichwa."

Akanitia matone. Yaliyoteremka mashavuni yalikuwa ya chupa. Hakuyafuta, nami sikuyafuta.