Makopo Yaliyonenepa

Chicago, Amerika,
Nyuma ya machinjio,
Tarehe 8 Oktoba, 1905.

Mpendwa Dada Uršulė,

Tumsifu Yesu Kristo! Anayekuandikia ni mdogo wako Motiejus, mtu mwenye bahati kuliko Walithuania wote waliowahi kushuka melini, nyapara wa watu ishirini na wanne katika kiwanda cha nyama, kola nyeupe shingoni na saa ya mnyororo kifuani kama ulivyoiona kwenye picha. Nikipita asubuhi hata Mwairishi ananivulia kofia, nawe hujui Mwairishi alivyo mgumu wa kuvua kofia. Wengine huzikwa nayo.

Hujambo, dada yangu? Goti lako linasemaje sasa baridi inapoanza? Shemeji Vincas bado anakoroma hadi farasi wanaamka? Na binti yako Marcelė, bibi harusi wetu, anakula vizuri au mapenzi yamemfunga koo? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila usingizi umenikimbia siku hizi. Wakubwa ndivyo tulivyo, mawazo mengi.

Bwana Baltrus mpiga kinanda, nakusalimu nawe unayemsomea dada yangu barua hii. Najua sebule imejaa. Najua jirani Teklė amekaa karibu na jiko na kujifanya anasokota sufu. Salamu zenu nyote, wambeya wapendwa.

Barua yako, dada, niliipata Jumapili baada ya misa. Nilifurahi kusikia Marcelė anaolewa wiki ya Mtakatifu Martino, mwezi ujao, tena na mwana wa mfua chuma, kijana mwenye mikono. Nikafurahi kwamba Dominykas, aliyekuwa anarudi kijijini, amefika salama na lile sanduku langu, na kwamba makopo yote kumi na mawili ya nyama yameingia nyumbani mwako bila hata moja kubonyea. Umeniandikia kuwa umempelekea Padre kopo moja, na jingine umempa Bwana Baltrus kwa ajili ya kukusomea barua, na kumi umeyapanga rafuni chini ya picha ya Mama Maria, kila apitaye aone ndugu wa Uršulė alivyo. Umeniandikia kuwa nguruwe mtampeleka sokoni, kwani wageni wa harusi watakula nyama ya Amerika.

Halafu mwishoni, kama mtu anayesimulia muujiza, ukaniandikia kuwa makopo mawili yameanza kunenepa. Kwamba vifuniko vimeinuka na kuwa duara kama tumbo la mjamzito, na Teklė anasema ni baraka, nyama ya Amerika ina nguvu hata inakua ikiwa koponi.

Nilicheka, dada. Ni mazoea yangu, unanijua, nilicheka hata baba alipoanguka kisimani. Kisha nikakaa kwenye ngazi za kanisa.

Usiyafungue. Hata moja. Hata yale ambayo hayajanenepa.

Bwana Baltrus, hapo rudia, tena kwa sauti ile ya Jumapili. Wala usimtoe mtu nje. Kila mara naandika ili majirani wasikie nilivyo tajiri. Leo nataka wasikie hili. Na kopo lako wewe mwenyewe, kama bado lipo, liache lilipo. Kama umekwisha kulila na ungali unasoma, basi piga magoti ukimaliza. Na mtu akimbie kwa Padre sasa hivi, sitanuna mkiisimamisha barua mpaka arudi.

Nilikwenda kuuliza simu ya waya. Wakaniambia inaishia stesheni ya mjini huko kwenu, kwa karani wa Kirusi asiyejua kijiji wala jina lako. Kwa hiyo nimeiamini barua hii, na maji yote yaliyo kati yetu.

Sasa nikueleze, kwani najua hukubali jambo bila sababu. Nyama ikifungiwa vibaya huoza humo humo koponi, ikatoa hewa, na hewa ikakosa pa kutokea. Hapo kopo huvimba. Madukani wanaliona wanalirudisha, na huku kwetu yanarudi kwa mabehewa. Utadhani hutupwa. Dada, kiwanda hiki hakitupi kitu. Kwato ni gundi, damu ni mbolea, nywele zinajaza magodoro. Kinachotupwa ni mtu akichoka tu.

Katika watu wangu yupo mmoja, jina lake nitalisitiri, ambaye kazi yake ni msumari. Analetewa kopo lililovimba, analitoboa kifuniko, hewa inatoka na kupiga mluzi. Linakwenda kwa mwanamke aliye kando yake, hapo awali Rozalija, Mpolandi, analitia tone la lehemu kwenye tundu. Linachemshwa tena, linavishwa karatasi mpya yenye picha ya ng'ombe anayetabasamu, linarudi duniani. Kwa hiyo kopo zima lina tone moja juu ya kifuniko, lile la kulifungia. Lililotobolewa lina mawili. Bwana Baltrus, inua kichwa uangalie pale rafuni. Nakuhakikishia utahesabu mawili mawili.

Huyu mtu wa msumari ni mcheshi, ndiyo sababu wakubwa wanampenda. Rozalija alikuwa akimwambia, "We bwana, yanatoa mluzi kama nyoka, nawe unacheka?"

"Yanapumua, mama. Kila chenye uhai hupumua."

"Kilichomo humo hakina uhai, kina wenyeji."

"Basi tuwape dirisha wenyeji," anasema, na msumari unashuka, na meza nzima wanakufa kwa kicheko. Harufu ilikuwa ya kutoa machozi. Wakasema ni machozi ya kicheko.

Wakati wa Pasaka mkubwa wetu mmoja, Mjerumani, alimpa sanduku la makopo kumi na manne, zawadi ya kufanya kazi haraka bila maneno. Mtu wetu alijua yalikotoka. Yalikuwa ya meza yake, alfajiri ile ile. Lakini mtu aliyekula kabichi majira yote ya baridi akipewa nyama hujiambia mengi: imechemshwa mara mbili, moto hauachi kitu, mabwana hawawezi kuuza sumu, sheria ipo. Kumi na mawili yakaja kwangu kama heshima kwa nyapara wake, ndiyo hayo niliyompa Dominykas. Mawili akabaki nayo.

Yeye anapanga nyumba hii hii ninayokaa mimi, kwa mjane Barbora kutoka Suvalkai, Mlithuania mwenzetu, mama mwenye watoto wanne na wapangaji tisa na moyo mpana kuliko nyumba. Barbora alipombatizisha mtoto wake wa mwisho, aliyezaliwa baada ya baba kufa, wapangaji tulichanga. Mmoja bia, mmoja mkate mweusi, mmoja akapiga fidla. Yule mtu wa msumari akaweka mezani makopo yake mawili, akapigiwa makofi.

Moja lilikaangwa na vitunguu, tukaligawana. La pili alilitaka mama yake Barbora, Bibi Agota, mzee wa miaka sabini asiye na jino hata moja, aliyevuka bahari ili alee wajukuu. Alilila baridi, kwa kijiko, taratibu, kopo mapajani kama mtoto. "Mwanangu," akamwambia yule mtu, "hii nyama ina adabu, inajitafuna yenyewe. Mungu akupe mke mnene."

Siku ya pili yake tuliumwa matumbo, wengi wetu, tukalaumu bia. Bibi Agota hakuumwa tumbo sana. Aliamka akasema kope zake zimekuwa nzito. Yule mtu alipoingia kumwamkia, bibi alimkodolea macho akacheka: "Ee, leo umekuja na pacha wako? Mkaribishe naye akae." Alikuwa anaona watu wawili wawili. Jioni hakuweza kumeza maji. Siku ya tatu sauti ilikwisha, na akili ilikuwepo yote, dada, macho yalikuwa yanatufuata. Siku ya nne alikufa.

Daktari alisimama mlangoni dakika moja akaandika uzee.

Baada ya maziko Barbora alimwuliza yule mtu jikoni, bila hasira hata kidogo, "Ndugu yangu, zile nyama ulizipata wapi?"

"Dukani, mama. Zile zile wanazokula mabwana."

"Basi ni uzee," Barbora akasema. Na kwa kuwa yule mtu alikuwa amebeba jeneza upande wa mbele, na kwa kuwa njiani alikuwa amewatania wale watoto mpaka wakacheka, Barbora akamshika mkono akaubusu. Akaubusu mkono ule. Nao haukukauka.

Rozalija aliposikia msiba alijua mara moja. Akamwambia, "Tukamwone bwana wa serikali anayekagua nyama, wewe na mimi. Mimi Kiingereza sina, wewe unakiokotaokota."

"Watatufukuza."

"Na yule bibi, yeye hajafukuzwa duniani?"

Hakwenda. Rozalija alikwenda peke yake, mama wa watu, na maneno yake matatu ya Kiingereza. Kesho yake kiti chake kilikaliwa na msichana mwingine. Mjerumani akaja mezani akamwuliza mtu wetu kama yule mwanamke alisema kweli. Unajua alijibu nini? Alizungusha kidole sikioni, akakodoa macho kama mwehu, na Mjerumani akacheka mpaka akakohoa. Rozalija sasa anafua nguo za watu, na akikutana na mtu huyo barabarani hamtukani. Anavuka upande wa pili tu.

Ndivyo mambo yalivyo, dada. Kwa hiyo sikia maagizo yangu. Chimbeni shimo mbali na kisima, refu la kumfikia mtu kiunoni, yaingie yote, mfukie. Nguruwe asipewe, mbwa asipewe, ombaomba asipewe. Msiyatoboe mtoe hewa. Msiseme tutayachemsha, hata huku yalichemshwa. Na nguruwe wenu msimuuze, mchinjeni kwa harusi. Marcelė aolewe kwa nyama ya nyumbani, yenye jina, iliyokula viazi vyenu. Chini ya picha ya Mama Maria rudisheni kitambaa cha mama.

Nisalimie Vincas, mwambie apunguze tumbaku. Msalimie Marcelė, mwambie mjomba wake hakumletea zawadi ya maana, ila anamwombea wana wenye mapafu mazuri. Msalimie Dominykas, asijilaumu, yeye alibeba asichokijua. Msalimie Padre, aniombee, na asiniulize nini. Teklė naye, na sufu yake.

Mungu aifunike nyumba yako kama kuku anavyofunika vifaranga, dada, na mkate usikatike mezani pako, na kila atakayeketi kwenye harusi ile ainuke kwa miguu yake mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako uliyenilea, nami nakupenda,

Motiejus.

Dada, wino ulikuwa umekwisha kukauka, nikaisoma barua tangu juu, nikamsikia Vincas kana kwamba niko hapo sebuleni. "Hee, nyapara wetu amesikia domo la wafanyakazi. Mfanyakazi gani asiyemsingizia tajiri wake? Mtu wa msumari kasema, nani kamwona? Weka vitunguu vingi, harusi ni harusi." Nawe utamsikiliza, kwa sababu makopo ni mazuri rafuni, na kwa sababu ni aibu kuwaambia wageni hakuna.

Kwa hiyo, Bwana Baltrus, soma na hili, mbele yao wote.

Mimi si nyapara. Sijawahi kuwa nyapara, hata wa kuku. Kola na saa ni za mpiga picha, huwavisha wote. Hakuna mtu wa msumari chini yangu. Chini yangu hakuna mtu. Makopo yale niliyatoboa mimi, nikanusa kilichotoka, nikajua, na bado nikakutumia.