Mikate ya Kanisani

Jumatatu, 12 Mei
Kuni mbichi. Moshi mwingi, macho yanawasha. Mikate ya boflo ya kwanza imetoka saa kumi na mbili na nusu, watoto wa shule wakiwa mlangoni tayari. Bi Khadija na Mwanajuma wanakanda, mimi naangalia moto. Mwaka wa kumi na moja sasa. Boti ya Lamu imeleta barua ya wakubwa wa kanisa kule Mombasa. Sijaifungua. Nahisi najua.

Jumanne, 13 Mei
Nimeifungua. Kanisa letu la hapa Faza linafungwa. Jumapili tulikuwa wanne: mimi, mwalimu mmoja, askari na mkewe. Wengine wamehamishwa. Hilo naelewa, japo limeniuma. Lakini wanataka na vyombo vya mkate. Mashine ya kukandia, jenereta, mabati ya paa la jiko. Viende bara, kwenye kanisa lenye watu. Mimi nirudi Mpeketoni kwa binti yangu, nipumzike.
Sikuomba kupumzika.

Alhamisi, 15 Mei
Nimeshinda nikimkumbuka mume wangu Zakaria, Mungu amlaze pema. Tulipokuja alikuwa mchungaji wa watu kumi na sita, wote walimu na wafanyakazi wa serikali kutoka bara. Mkate ulikuja kwa boti, mara nyingi umelowa maji ya chumvi. Watoto wa wavuvi walikwenda shule na chai kavu. Zakaria akasema, "Hawa wana dini yao, hawatakuja kunisikiliza mimi. Lakini waamke wakute mkate."
Alianza na kinu cha kusaga. Kikafa. Akaleta cherehani mbili, zikashika kutu. Mkate ndio uliosimama, nao kwa shida. Wiki tatu hakuna aliyenunua. Tulikula wenyewe, tukalisha kuku.
Kisha akaingia Bi Khadija, mjane wa nyumba ya pili. Akafunua kila sufuria. Akanusa kopo la mafuta, akasoma maandishi yake yote. Akauliza nani kakanda. Nikasema mimi.
"Umekanda kama mtu afuaye nguo," alisema.
Akanawa mikono, akasema Bismillahi, akakanda upya. Mkate ulipoiva aliula amesimama mlangoni, watu wote wa ndia ile wakimwona. Kesho yake mikate iliisha kabla ya saa mbili.
Nimeandika ndia. Zakaria ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha kusema njia.

Jumapili, 18 Mei
Ibada. Wanne tena. Kina mama wa jiko bado hawajui. Ni woga wangu tu.

Jumatano, 21 Mei
Nimewaambia. Mwanajuma amelia. Bi Khadija hakuinua kichwa.
"Mashine ni yao?"
"Ni yao."
"Na mabati?"
"Yao pia."
"Tanuri?"
Udongo wa tanuri walichota wanawake saba, wakaubeba kwa vichwa. Nikasema tanuri ni la wanawake hao.
"Basi na watwae vyao." Kisha akanitazama. "Siku nane umekula nasi, umenyamaza."
Ana haki. Nimewaandikia wa Mombasa, nimewaomba waviache vyombo hapa. Barua kali. Sijapata kuandika barua kama hiyo.

Jumanne, 27 Mei
Mzee wa kanisa amepiga simu kutoka Mombasa. Mali ya kanisa haiwezi kuachiwa watu wasio wa kanisa. Nikamwambia mume wangu alivileta kwa ajili ya watu hao hao. Akasema atatuombea. Nikamkatia simu.
Sijutii.

Alhamisi, 29 Mei
Wamekuja wanaume wanne na boti. Wameondoa kila kitu hadi misumari. Hakuna aliyewazuia, hakuna aliyewasaidia. Tanuri limebaki wazi, na masika haya. Adhuhuri mbingu ikafunga. Tanuri la udongo likinyeshewa limekwisha. Tulilifunika kwa turubai la askari wetu, tukashika pembe zake mimi, Mwanajuma, Bi Khadija na mke wa askari, mvua ikitupiga. Bi Khadija alikuwa upande wangu. Mkono wake ulikuwa baridi. Tanuri lina ufa mmoja, si mkubwa.

Ijumaa, 30 Mei
Kaka zake Mwanajuma na wavuvi wenzao walileta makuti baada ya swala. Wakaezeka hadi magharibi. Mmoja alisema amekula mkate huu tangu darasa la pili. Nilitoka nje, nikalia nyuma ya ukuta.

Jumatatu, 2 Juni
Unga wote kwa mikono. Mabega hayainuki. Mkate umechelewa, watoto wamesubiri, mwalimu mkuu amewasubiri watoto. Hakuna aliyegomba.

Jumanne, 3 Juni
Nimefunga mlango wa kanisa. Bi Khadija hakuja gatini kuniaga. Alikuwa na mkate motoni.

Jumatano, 11 Juni
Mpeketoni. Nyumba ya binti yangu ni nzuri na ina nafasi. Naamka saa kumi alfajiri, nakaa kitandani, sina pa kwenda.
Leo asubuhi Bi Khadija amepiga simu. Nyuma yake nilisikia watoto. Aliuliza kilo kumi za unga hutiwa hamira kiasi gani.
Yeye ndiye aliyenifundisha.
Nikamwambia vijiko vitano, maji yasiwe moto sana. Akasema, "Haya, Mama Mchungaji, nimesikia." Hakukata simu. Kisha akaniuliza nimeamkaje.