Kuku wa Mpira wa Bumula

Shangazi Rose,

Kitale mko salama? Huku Bumula mvua haikatiki, nami nimechanganyikiwa. Mwenyeji wangu, Mama Nafula, hushona kuku kwa mipira ya shule iliyopasuka, na midomo anaikata kwenye soli za njumu kuukuu, vile viatu vya soka. Asubuhi nzima nilimchora mmoja. Akaitazama picha, akauliza, "Sasa mbona umechora mpira? Kuku wangu ako wapi?"

Kisha akanichinjia kuku wa kweli na kunipa firigisi, ambayo huku huliwa na mzee wa boma. Sijui ni heshima au ni pole. Nimeila tu.

Picha ndiyo hiyo upande wa pili. Wewe mfugaji wa kuku, igeuze uniambie umeona nini kwanza. Usinifiche kwa sababu unanipenda.

Mtoto wako,
Sela